Motokari Iliyozimika Njiani Kwenda Fizi

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Garaje hakunipa ufunguo wala bisibisi. Alinipa ndoo ya maji ya moto, sabuni na brashi, akanionyesha lori la idara ya barabara lililosimama chini ya mabati pale Fizi-Centre, akasema nioshe injini mpaka nione rangi yake. Niliosha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane. Nilipomwambia nimemaliza, alivaa miwani, akainama akakagua, kisha akaniamuru niweke kidole kwenye tangi la mafuta na kukifuata kibomba chake bila kuinua kidole, hadi pale mafuta yanapoungua. Nilitambaa chini ya lori na nguo zangu mpya za kazi.

"Esanse inatoka mu tangi," alisema, maana petroli kwetu ni esanse, nami nikimsikia kutoka chini. "Inapita mu tiyo. Inafika ku pompe. Pompe inaisukuma mu filtre, kiisha inaingia mu karibirateri. Njo pale inachanganyika na upepo, inaungua. Sasa uniambie: motokari ikifa njiani juu ya kukosa esanse, ugonjwa iko fasi gani?"

Nikasema uko kwenye pampu.

"Juu ya nini ku pompe?"

Nikasogeza kidole kwenye pampu, kikakwama hapo.

"Haujue," akasema bila ukali. "Muntu asiyejua anafuata njia yote na kidole, kutoka mwanzo."

Alikuwa mtu mfupi, aliyevaa tai chini ya kombinezoni yake ya kazi kila Jumatatu kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ambayo Mkuu wa Teritwari aliweza kupita. Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Hakuwahi kunipiga wala kunisifu. Kwake nilijifunza kupima vali, kufunga breki, kusikiliza injini kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni. Lakini somo alilolirudia kuliko yote lilihusu ile hitilafu ya kuja na kuondoka: motokari inatembea vizuri, halafu inakohoa, inakosa nguvu, inazimika. Unafungua boneti, unatazama, huoni kitu. Unangoja kidogo, unaiwasha, inawaka kana kwamba ilikuwa inakutania.

"Iko sawa malaria," alisema. "Asubuhi mugonjwa anatetemeka, mangaribi anakula bugali. Ukimupima saa anakula, utasema ni muzima."

Kwa ugonjwa wa namna hiyo alikuwa na sheria moja. Fundi asiseme motokari imepona mpaka auone ugonjwa kwa macho yake na ajue ulikuwa wapi. Akibadilisha kitu na motokari ikatembea, aseme tu: nimebadilisha hiki, chanzo sijakiona. Alimfukuza fundi mmoja mwenye watoto saba kwa sababu aliandika neno "imepona" kwenye karatasi ya lori lililokuja kuzimika tena kwenye daraja. Wakati ule niliona amemwonea.

Mishahara ya serikali ilipoanza kuchelewa miezi, halafu miaka, Shefu aliondoka kwenda kwa wanawe kusini, nasi tukatawanyika. Mimi niliteremka Kazimia, bandari ya ziwani, nikatengeneza injini za mitumbwi mikubwa iliyobeba samaki na abiria. Mkuu wa Bandari, aliyekuwa bosi wangu pale, aliogopa maji na hakuwahi kupanda chombo chochote, lakini alijua kila chombo kilichochelewa na sababu yake. Kazimia hakukuwa na vipuri. Huko ndiko nilikojifunza kutengeneza vitu kwa mikono: gasketi kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, pete za bomba kutoka kwenye shaba ya nyaya, vifuniko kutoka kwenye sufuria zilizotoboka. Nikajulikana kwa kazi hiyo, na nisiwadanganye, sifa zilinilewesha kidogo.

Kutoka Kazimia niliitwa kufanya kazi mjini Baraka, kwenye hospitali moja. Bosi wangu mpya alikuwa Daktari Mkuu, mtu mpole aliyechoka daima. Hospitali ilikuwa na motokari moja tu, kamyoneti ya esanse yenye umri wa zaidi ya miaka ishirini, iliyofunikwa turubai nyuma, na ndani ya turubai kitanda cha chuma. Dereva wake, au shofere kama tunavyosema kwetu, aliitwa Amisi.

Amisi aliendesha peku. Viatu alivivua na kuviweka chini ya kiti, akisema kiatu kinamzuia kuisikia injini. Na kweli aliisikia. Angeweza kuniambia, "Fundi, silinda ya tatu inalala kidogo," nami nikifungua nakuta plagi ya tatu imejaa masizi. Alikuwa mkimya, mwembamba, baba wa mabinti wanne. Mkewe, Mama Furaha, aliuza mawese karibu na kanisa. Mara nyingi nilikula kwao. Sikuwa na ndugu Baraka, na kwa miaka ile Amisi alikuwa ndugu yangu.

Vita vya kwanza vya waasi vilipita na kutuachia motokari isiyo na magurudumu, bila betri, bila hata kifuniko cha tangi. Tuliifufua kidogo kidogo. Magurudumu yalitoka kwenye lori bovu, betri ililetwa na mtumbwi. Kifuniko cha tangi nilikitengeneza mwenyewe. Nilichukua kitako cha sufuria nene ya alumini, nikakikata duara, nikakichonga meno ya kushika shingo ya tangi, nikaweka chini yake mpira laini wa ndani ya gurudumu, mara mbili. Kwa kuwa watu walikuwa wakiiba esanse kwa kuinyonya na mpira, nikaweka na kufuli. Ufunguo ulikaa ofisini kwa Daktari Mkuu. Kilikaza vizuri mno. Daktari Mkuu aliitikisa motokari kwa mikono miwili, akanusa, akasema, "Fundi, hata harufu haitoke." Nilitembea siku hiyo kifua mbele.

Kisha vikaja vita vya pili. Baada ya yale mauaji ya Makobola, kaskazini mwetu, watu walishuka kando ya ziwa siku nyingi mfululizo, bamama wamebeba watoto na magodoro, wazee wanavutwa kwa mikono. Amisi alikwenda kuwapokea waliojeruhiwa mpaka pale barabara iliporuhusu. Aliporudi safari ya mwisho aliosha nyuma ya motokari peke yake na hakutaka nimsaidie. Baadaye askari wa uasi waliushika mji wa Baraka, na wapiganaji wengine wakashika vilima. Sisi tulikuwa katikati, pamoja na motokari yetu.

Ni katika miezi hiyo, tulipoanza kupeleka wagonjwa Fizi, ugonjwa ulipoanza. Amisi alirudi siku moja amechelewa, akaniambia motokari ilizimika ikipanda kwenda Fizi. Ilikohoa, ikakosa nguvu, ikafa. Alingoja karibu nusu saa, akaiwasha, ikawaka, akaendelea.

Nilifanya nilivyofunzwa, au nilidhani hivyo. Nilimwaga esanse yote iliyobaki, nikasafisha kichujio, yaani kile chombo kidogo kinachozuia taka. Nikapuliza bomba. Nikarudisha lita tatu, kwa sababu esanse ilivuka ziwa kwa hatari kwenye bido, yaani madumu, na Daktari Mkuu aliipima kama dawa, nikaenda hadi mwisho wa mji na kurudi. Ikatembea vizuri. Wiki mbili baadaye ikazimika tena, kwenye mpando uleule. Nikafungua karibirateri, nikaiosha, nikarudisha lita tatu, nikaijaribu. Ikatembea. Ikazimika mara ya tatu. Nikabadilisha ngozi ya ndani ya pampu, kile kipande laini kinachopanda na kushuka kusukuma mafuta, na kweli ile ya zamani ilikuwa na ufa mdogo. Nilifurahi kuuona ufa ule. Nilimwonyesha Amisi.

"Kwa hiyo njo hiyo?" akauliza.

"Njo hiyo."

"Imepona?"

Nikasema, "Imepona."

Siku tisa baadaye, asubuhi, askari walikuja hospitalini na luteni wao aliyepigwa risasi tumboni. Hospitali ilikuwa imeporwa vyombo vya upasuaji. Daktari wao wa jeshi alikuwa Fizi-Centre. Walichukua motokari na Amisi. Walijaza tangi mpaka shingoni kutoka kwenye pipa lao, wakampakia luteni kitandani, askari wanne wakapanda. Amisi aliniinulia mkono alipopita garaje. Nilikuwa nasafisha tupa.

Saa tisa walirudi. Aliyeendesha alikuwa askari. Nyuma, chini ya turubai, alikuwemo luteni amekufa, askari mwingine amekufa, na Amisi amefungwa mikono mgongoni, amelazwa katikati yao.

Motokari ilikuwa imezimika kwenye mpando. Wakiwa wamesimama, wapiganaji waliokuwa kwenye majani walifyatua risasi. Mapigano yalichukua muda mfupi, lakini luteni alivuja damu kitandani wakingoja. Kisha askari mmoja aliingia kwenye usukani, akawasha, injini ikawaka mara moja. Kwao hiyo ilitosha. Dereva aliizima makusudi mahali alipopatana na adui, na ushahidi ulikuwa wazi: motokari ilikuwa nzima.

Walimfungia Amisi kwenye ghala la zamani la samaki kando ya ziwa.

Mama Furaha alikuja garaje kesho yake. Hakulia. Alisimama mlangoni na kitenge chake kimefungwa vibaya, akaniambia, "Ulimwambia imepona. Alinielezea. Alisema, fundi ameona ugonjwa na macho."

Niseme ukweli kwenu mnaosoma. Kabla hajafika nilikuwa nimefunga begi. Kulikuwa na mtumbwi wa kwenda Kazimia, na kutoka Kazimia mtu angevuka ng'ambo ya ziwa. Begi lilikuwa nyuma ya meza, na nadhani aliliona. Alipoondoka nilikaa muda juu ya tairi, kisha nikaenda kwenye nyumba ambayo Komanda wao aliifanya ofisi.

Komanda alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea, mwenye sauti ya chini. Kando yake alisimama msaidizi wake, Ajida, mwanamume wa makamo mwenye kovu shingoni.

"Weye njo mekanisie?" Komanda aliuliza.

"Njo miye, Komanda. Ile motokari iko na ugonjwa wa kweli. Ilizimika mara tatu mbele ya ile siku. Shofere hana kosa."

"Basi nionyeshe. Ninakupa siku mbili. Kama motokari ni muzima, shofere alituuzisha, na weye unamufunika."

Walikuwa wameinyonya esanse yao kutoka kwenye tangi na kubakiza kidogo tu. Siku hiyo ya kwanza nilipanda na Ajida, tukapita mji wote, tukapanda kilima cha karibu, tukateremka, tukapanda tena. Injini iliimba. Niliomba ife. Niliikanyaga kwa gia ya pili juani mpaka maji yakakaribia kuchemka, nayo ikaenda tu. Ajida alinitazama, akacheka puani.

"Iko muzima, muzee," akasema.

Kesho yake asubuhi nilimwomba Ajida aniruhusu kumwona Amisi, nimwulize mambo ya motokari tu. Alikubali, akasimama nyuma yangu mlangoni mwa ghala.

Amisi alikuwa ameegemea ukuta. Miguu ameinyoosha mbele. Nilidhani amevaa soksi nyeusi. Kisha nikaona kwamba hazikuwa soksi. Walikuwa wamempiga nyayo kwa siku mbili. Nilitaka kusema jambo lingine, lakini Ajida alikuwa akisikiliza, nami nilijua muda ni mchache. Nikachuchumaa.

"Amisi. Zile mara zote. Uniambie yote. Jua, mvua, muzigo, yote."

Alifikiri, midomo imekauka.

"Mvua ao jua, haina tofauti," alisema polepole. "Mara ya pili hatukuwa na muzigo. Lakini kila mara Daktari alikuwa ametupatia esanse mingi, juu ya safari ya Fizi. Tangi ilikuwa imejaa. Kama iko kidogo, haizimike."

"Kila mara?"

"Kila mara. Na kitu kingine. Mbele haijakufa, tangi inalia. Mara moja tu. Ti! Kama debe mu jua."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya ghala. Ajida alinigusa begani kwa mtutu, akadhani nimezimia.

Nitaeleza nilichokiona pale, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Tangi likitoa mafuta ni lazima liingize hewa, ijaze nafasi iliyoachwa. Kifuniko cha kiwandani huwa na kitundu kidogo cha kupitisha hewa hiyo. Kisipokuwepo, mafuta hutoka mwanzoni, halafu tangi linaanza kuyavuta kurudi kwake. Pampu inavuta huku, tangi linavuta kule, mpaka pampu inashindwa. Ukisimama nusu saa, hewa hupenya polepole pembeni mwa mpira, na kila kitu kinakuwa sawa. Tangi likiwa na lita tatu tu, hewa iliyo juu yake ni nyingi, inatanuka bila shida, huoni kitu. Likijaa mpaka shingoni, hakuna hewa ya kutanuka, na kuta za bati zenyewe zinaanza kuvutwa ndani. Ndiyo ile ti.

Mimi nilikuwa nimepima kila kitu na lita tatu. Nilifuata njia ya mafuta kwa kidole kutoka kwenye bomba. Sikuanzia mwanzo, kwa sababu mwanzo ulikuwa kazi ya mikono yangu, na sikuweza kufikiri kwamba kosa limo mle. Kifuniko kile kisichotoa hata harufu hakikuingiza hata hewa.

Kutoka ghalani hadi kwa Komanda ni mwendo wa dakika kumi. Nilijua ninaweza kutoboa kitundu kimya kimya, motokari isizimike tena maisha yake yote, na hakuna atakayejua. Lakini hapo Amisi angekufa, maana motokari ingekuwa nzima kama walivyosema. Ili apone ilinibidi niwaonyeshe ugonjwa, na kuwaonyesha ugonjwa ni kuwaonyesha mkono ulioufanya.

Nikamwomba Komanda tangi zima la esanse.

"Tangi muzima?" alisema. "Ukimbie nayo kwa wale wa juu?"

"Bila tangi kujaa haizimike, Komanda. Njo ugonjwa wenyewe."

Alimtazama Ajida. Ajida akasema, "Nitamufunga kamba ku kiti."

Na kweli alinifunga kiunoni kwa kamba ya mtumbwi. Walijaza tangi, nikafunga kufuli kwa mkono wangu, ufunguo akauweka Ajida mfukoni. Askari sita walipanda nyuma. Tuliuacha mji, tukapita mashamba ya mihogo ambayo hakuna aliyekuwa akiyalima, tukaanza kupanda. Nilisikiliza kwa mgongo. Tulipofika pale walipofia wale wawili, maganda ya risasi yalikuwa bado yanang'aa barabarani, na injini haikuwa imebadilika hata kidogo. Nikahisi jasho likishuka hadi kwenye kamba. Tukapita. Kona moja, kona ya pili. Nikasikia: ti.

Halafu ikakohoa. Nikakanyaga, ikajikokota, ikafa.

Askari waliruka, wakalala kwenye majani wakielekeza bunduki juu kilimani. Mtutu wa Ajida ulikuwa shingoni mwangu.

"Usifungue kitu," nilimwambia, nami nilishangaa kusikia sauti yangu. "Jaribu kuwasha weye mwenyewe."

Alijaribu. Injini ilizunguka bila kuwaka. Nikamwomba anifungue kamba na aje nyuma. Nilimwonyesha ubavu wa tangi ulivyobonyea ndani kama shavu la mgonjwa.

"Sasa fungua kufuli. Kiisha usikilize."

Alifungua, akazungusha kifuniko. Tangi lilivuta hewa kwa sauti kubwa, ndefu, na ule ubavu ukarudi mahali pake kwa kishindo. Askari mmoja alipiga kelele akidhani ni bomu. Nilirudi kwenye usukani, nikaizungusha kidogo ili pampu ijaze karibirateri, ikawaka.

Ajida alisimama na kifuniko mkononi. "Tena," akasema.

Tulikifunga, tukaendelea kupanda. Ilichukua muda zaidi kwa kuwa tangi lilikuwa limepungua, lakini ikafa tena. Akafungua, ikavuta pumzi, ikawaka. Mara ya tatu nilikilegeza kifuniko nusu mzunguko, na tulipanda hadi tukaona mabati ya Fizi-Centre bila kukohoa hata mara moja. Hapo Ajida akaniambia nigeuze.

Kabla ya kuingia Baraka alinisimamisha. Alikuwa akikigeuzageuza kifuniko, anapapasa yale meno niliyochonga.

"Mbele ya vita nilikuwa naendesha trakta," alisema. "Hii haitoke ku ishini, ku kiwanda. Nani aliitengeneza?"

"Miye."

Akakiweka kifuniko magotini. "Basi weye njo uliua luteni."

Nikaiwasha motokari, tukaingia mjini.

Alimweleza Komanda kila kitu mbele yangu, kwa haki, bila kuongeza wala kupunguza. Komanda alikishika kifuniko, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha kutafuta kitundu, hakukiona.

"Mekanisie hapa Baraka ni mumoja tu," alisema mwishowe. "Bashofere ni wengi. Yule ende kwake. Huyu atatengeneza motokari zetu."

Hivyo ndivyo nilivyopona. Amisi alibebwa na watu wawili hadi nyumbani. Mimi nilipelekwa kwenye uwanja wao, nikawatengenezea malori na jipu kwa karibu miaka miwili, chini ya bunduki. Malori yale yalitoka asubuhi matupu na kurudi na mbuzi, milango, cherehani za watu. Nilijua yanakokwenda. Niliyatengeneza vizuri, kwa sababu lori likifa njiani wangetafuta wa kulipia.

Wiki ya tatu waliniruhusu kutoka saa moja. Nilikwenda kwa Amisi. Mama Furaha alikuwa anamwosha miguu kwa maji ya majani, nyayo zimepasuka, vidole viwili havipo tena. Nilisimama mlangoni nikasema yote: kifuniko, mpira, lita tatu, na neno lile nililomwambia.

"Toka," Mama Furaha akasema. "Toka mu nyumba yangu."

Amisi aliinua mkono kidogo. "Umuache akae," akasema. "Angeweza kukimbia."

Nilikaa. Amisi alikuwa akitazama nyayo zake kama mtu anayetazama kitu cha jirani. Saa yangu ilipokwisha, niliondoka, na sikumwona tena. Waliteremka Kazimia wakavuka ziwa wakati wa kiangazi, yeye akibebwa mgongoni. Alikufa kwenye kambi ya wakimbizi huko ng'ambo, kwa kidonda ambacho hakikufunga.

Vita vilipolegea nilirudi hospitalini. Nilihudumu chini ya madaktari wakuu wengine watatu, na wote walilalamikia karatasi zangu. Chini ya kila kazi niliandika nilichobadilisha, na kama sikuukamata ugonjwa wenyewe niliandika: chanzo sijakiona. Mmoja aliniambia maneno hayo yanawatia wagonjwa hofu. Madereva walinipa jina, Fundi Sijakiona, na hadi leo sokoni naitwa hivyo. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba fupi, na katika hotuba walisema nimeifanya kazi hii kwa uaminifu. Nilikaa nikitazama mikono yangu.

Ninyi mnaotengeneza magari ya sasa mna mashine za kuiuliza kompyuta ya gari, gari linaumwa wapi. Ni vizuri. Lakini ugonjwa wa kuja na kuondoka bado upo, na bado utajificha siku mnapoutafuta. Liwekeni gari katika hali ileile ugonjwa ulimotokea: mzigo uleule, mpando uleule, tangi lilelile lililojaa. Muulizeni dereva kabla ya kufungua chochote. Amisi alikuwa na jibu tangu safari ya kwanza, nami sikumwuliza. Na mkifuata njia kwa kidole, anzeni na kazi yenu wenyewe.

Mama Furaha alirudi Baraka na mabinti wawili kati ya wale wanne. Miaka mingi tulipishana njiani, ananisalimia kwa kichwa. Mwaka jana alikuja kwangu mchana, akaketi kwenye kiti nilichomvutia, akasema anataka nimweleze. Wakati ule alisikia maneno tu, hakuelewa, na sasa wajukuu wanamwuliza babu yao alikufa na nini.

Nilichukua chupa laini ya plastiki, nikaijaza maji, nikatoboa tundu dogo karibu na kitako. Kifuniko kikiwa kimefungwa, maji yalitoka matone machache, yakakoma. Nilikilegeza, yakamwagika. Nikakikaza, yakakoma. Aliichukua, akafanya mwenyewe mara tatu, maji yakimlowesha kitenge.

"Kwa hiyo ni upepo tu," alisema.

"Ni upepo tu, mama."

"Na tundu yenye ilikosekana ilipashwa kuwa kubwa namna gani?"

"Sawa ncha ya sindano."

Aliiweka chupa chini, taratibu, isianguke.

"Ungetoboa," akasema.

"Ningetoboa."

Akajifunga kitenge upya, akaondoka.